Kampuni Ikinunuliwa, Uweke Pesa kwa Mnunuzi au kwa Anayenunuliwa?

Kila mara gazeti likiandika kwamba kampuni fulani ya pale Soko la Hisa la Nairobi inataka kununuliwa, sisi hujua kesho yake tutaulizwa nini. Wateja hutuma ujumbe: "Nimesikia hiyo hisa itapanda. Niingie sasa?" Mmoja ni mweka hazina wa chama cha watu kumi. Walikuwa na Sh120,000 zimekaa kwenye simu, na nusu ya wanachama walitaka zote ziende kwa kampuni inayonunuliwa "kabla bei haijapaa." Nusu nyingine wakasema hapana, aliye na pesa za kununua wenzake ndiye tajiri, tuweke kwake. Mkutano ukaisha bila uamuzi, chai ikapoa, na yeye akatuandikia sisi tuamue.

Sisi si dalali wa hisa, na hatukuwaamulia. Lakini maoni tunayo, na leo tunayaweka wazi. Kwa mtu mwenye pesa kidogo, swali la "mnunuzi au anayenunuliwa" mara nyingi huja likiwa limechelewa. Faida kubwa huenda kwa yule aliyekuwa ameshika hisa za kampuni inayonunuliwa kabla ya habari kutoka. Ukiingia baada ya habari, unachonunua ni kitu kingine kabisa, hata kama jina la kampuni ni lile lile. Na ukikimbilia mnunuzi, hakikisha unajua ni nani anayelipa hiyo bili.

Kwa nini anayenunuliwa hupanda bei

Hebu tuanze na kitu tunachokijua wote. Una ploti. Majirani wanauza zao kwa laki tano. Anakuja mtu anataka yako, lazima iwe yako, kwa sababu inapakana na shamba lake. Utauza kwa laki tano? Thubutu. Utaomba saba, na akiwa anaitaka kweli, atatoa.

Hisa ni vivyo hivyo. Anayetaka kumiliki kampuni nzima hawezi kulipa bei ya soko tu, kwa maana wenye hisa hawana sababu ya kuachilia. Anaongeza kitu juu. Mfano mzuri ni Bamburi Cement. Julai 2024, kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitoa ofa ya Sh65 kwa kila hisa. Kabla ya hapo hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa karibu Sh45. Aliyekuwa na hisa 1,000 alilala akiwa na mali ya kama Sh45,000, akaamka kuna mtu anampa Sh65,000.

Lakini angalia nani alipata hiyo nyongeza ya Sh20. Ni yule aliyekuwa nazo tayari. Aliyesoma gazeti asubuhi na kukimbilia kununua alikuta soko nalo limesoma gazeti lile lile.

Hesabu ya chama

Sasa turudi kwa wale watu kumi. Tuseme ofa ni Sh65, na siku ile wanaingia sokoni hisa inapatikana kwa Sh60. Tuseme pia gharama za dalali na ada za soko ni asilimia 2 hivi. Kwa Sh120,000 watapata hisa 1,960: hisa zenyewe ni Sh117,600, na gharama Sh2,352.

Ofa ikifaulu, watalipwa 1,960 mara 65, yaani Sh127,400. Faida ni kama Sh7,450. Gawa kwa kumi, kila mtu Sh745. Si mbaya.

Je, ofa ikianguka? Bei ina tabia ya kurudi ilikotoka. Ikirudi Sh45 na wauze, watapata Sh88,200, watoe gharama, wabaki na kama Sh86,400. Hasara ni zaidi ya Sh33,500. Kila mtu amepoteza kama Sh3,350.

Umeona? Unahatarisha Sh33,500 ili upate Sh7,450. Ili hesabu hii isikutie hasara, ofa za aina hii zinapaswa kufaulu zaidi ya mara nane katika kila kumi. Pengine hiyo yako itafaulu. Lakini usiingie ukidhani unanunua "hisa inayopanda." Unachofanya ni kuweka dau kwamba mkataba utakamilika. Simenti haina maana tena, faida ya kampuni haina maana tena. Kilichobaki ni swali moja tu: watalipa au hawatalipa?

Wataalamu wa mchezo huu wako kwingine. Wana mawakili wa kusoma karatasi, na wana pesa za kugawa kwa ofa ishirini katika nchi nyingi ili moja ikianguka zingine ziwabebe. Chama cha watu kumi kina ofa moja tu.

Ofa huanguka, tena si mara moja

Mkidhani tunawatisha bure, kumbukumbu za soko letu zipo. Mwaka 2012 KenolKobil ilitangaza kwamba Puma Energy inataka kuinunua. Wengi wakaingia. Mazungumzo yakavunjika mwaka 2013, na hisa ikashuka. Wale waliokuwa wameingia kwa sababu ya Puma pekee waliachwa na kampuni ya mafuta ambayo hawakuwa wameichunguza hata siku moja. Ilibidi wangoje hadi Oktoba 2018 ndipo Rubis ya Ufaransa ilipokuja na ofa ya Sh23 kwa kila hisa, na hiyo ikakamilika. Miaka mitano. Je, pesa zako za karo zinaweza kungoja miaka mitano?

Mwaka 2018 pia, Seaboard ya Marekani ilitoa ofa ya Sh40 kwa hisa za Unga Group. Wenye hisa wengi wakaona ni kidogo, hawakuuza, na ofa ikaisha bila kufikia kiwango kilichohitajika. Walikuwa na haki ya kukataa. Lakini kufikia 2023 hisa ya Unga ilikuwa ikiuzwa chini ya nusu ya hiyo Sh40. Hapo funzo ni la pande mbili: aliyeingia akitegemea ofa aliumia, na aliyekuwa ndani tangu zamani akakataa ofa naye hakupata bora zaidi.

Halafu kuna ofa zinazofaulu lakini hazichukui hisa zako zote. Oktoba 2022 Diageo ilitangaza kwamba inataka kuongeza umiliki wake ndani ya EABL kutoka nusu hivi hadi asilimia 65, kwa Sh192 kwa hisa. Bei ya soko ilikuwa chini ya Sh140. Kwa macho ni kama pesa za bure. Lakini soma tena: hadi asilimia 65. Ofa kama hiyo ina kikomo. Wakijitokeza wauzaji wengi kuliko nafasi, kila mtu hupunguziwa kwa uwiano, na zinazobaki unarudi nazo nyumbani. Ofa ilifungwa mwaka 2023, na kabla mwaka huo haujaisha hisa ya EABL ilikuwa ikiuzwa chini ya Sh130. Aliyenunua kwa bei ya juu akitarajia zote zichukuliwe kwa Sh192 hakuwa amesoma ule mstari mmoja.

Na mnunuzi je?

Upande wa pili wa chama ulisema: aliye na pesa za kununua ndiye mwenye nguvu. Ni wazo la heshima, na tunalielewa. Lakini turudi kwa ploti. Ukilipa laki saba kwa ploti ambayo majirani wanauza tano, ni nani aliyepata faida siku ile? Muuzaji. Wewe utapata faida tu kama utajenga kitu pale kinachorudisha zile laki mbili za ziada. Wengine hujenga. Wengine hubaki na ploti na deni.

Ndiyo maana ofa ikitangazwa, mara nyingi hisa ya anayenunuliwa hupanda ilhali ya mnunuzi hukwama au kushuka kidogo. Soko linauliza: umelipa sana?

Hadithi ya KCB na National Bank inafundisha kuliko vitabu. Mwaka 2019 KCB iliinunua National Bank bila kutoa pesa taslimu. Ilitoa hisa zake: hisa 10 za National Bank kwa hisa 1 ya KCB. Wamiliki wakubwa wa National Bank walikuwa NSSF na Hazina ya Kitaifa, lakini pia kulikuwa na Wakenya wa kawaida wengi. Mwenye hisa 1,000 za National Bank alijikuta na hisa 100 za KCB.

Hapa ndipo swali letu la leo linapinduka. Yule wa "anayenunuliwa" amekuwa wa "mnunuzi," apende asipende. Hakulipwa akaenda zake. Amehamia nyumba mpya, na ile shida aliyokuwa nayo kwenye nyumba ya zamani imehamia naye.

Na kweli ilihamia. National Bank iliendelea kusumbua. Mwaka 2023 ilipata hasara ya zaidi ya Sh3 bilioni. KCB haikulipa mgao wa faida kwa mwaka huo, na Machi 2024 ikatangaza kwamba inaiuza National Bank kwa Access Bank ya Nigeria. Mauzo yakakamilika mwaka 2025. Hisa ya KCB, iliyokuwa karibu Sh40 wakati wa ununuzi, ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh20 mwishoni mwa 2023.

Tusidanganyane lakini. Si National Bank peke yake iliyoshusha hiyo bei. Mwaka 2023 soko zima la Nairobi lilikuwa chini, shilingi ilikuwa imedhoofika na wageni walikuwa wanatoka. Na aliyevumilia aliona hisa ya KCB ikipanda tena vizuri mwaka 2024. Isitoshe, KCB hiyo hiyo ilinunua Banque Populaire ya Rwanda mwaka 2021 na sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank ya Kongo mwishoni mwa 2022, na hizo zimekuwa zikileta faida nyumbani. Equity nayo ilijipanua Kongo kwa kununua BCDC mwaka 2020, na leo Kongo ni moja ya nguzo zake kubwa.

Kwa hivyo hatusemi usiweke pesa kwa mnunuzi. Tunasema usiweke pesa kwa mnunuzi kwa sababu tu ananunua. Mnunuzi mmoja anaweza kufanya ununuzi mzuri na mbaya ndani ya miaka mitano. Na mara nyingine mnunuzi hayuko sokoni kabisa. Amsons ni kampuni ya kibinafsi, huwezi kununua hisa zake NSE hata ukitaka. Rubis iko kwenye soko la hisa la Paris. Basi nusu ya ule mjadala wa chama haukuwa na bidhaa ya kununua.

Wakitokea wanunuzi wawili

Kuna hali moja ambapo anayenunuliwa huonekana mtamu sana: wanunuzi wawili wakimgombania. Rea Vipingo, kampuni ya katani, ilipata ofa ya Sh40 mwaka 2013. Akaja mshindani, wakapandishiana, hadi bei ya mwisho ikawa Sh85. Aliyeshikilia alifurahi.

Watu wakakumbuka hiyo walipoona Bamburi. Baada ya ofa ya Amsons ya Sh65, ilitokea Savannah Clinker na Sh70, kisha ikapandisha hadi Sh76.55. Kwani kuna mtu angeuza kwa 65 na kuna 76.55 mezani? Kumbe wapo. Holcim, iliyokuwa na asilimia 58.6 ya Bamburi, ilikuwa tayari imekubali kuiuzia Amsons. Mwezi wa Desemba Savannah ikajiondoa. Amsons ikachukua zaidi ya asilimia 96 kwa ile Sh65 yake.

Aliyenunua kwa Sh68 akisema "nitauza kwa 76" alipata hasara wakati kampuni iliyonunuliwa imenunuliwa kweli, kwa ofa iliyofaulu kweli. Alikosea nini? Aliangalia bei kubwa, hakuangalia mwenye hisa mkubwa. Kwenye ofa kama hizi, yule mwenye zaidi ya nusu ndiye anayeamua harusi. Sisi wengine ni wageni waalikwa.

Kwa hivyo tunashauri nini?

Kwanza, kama ulikuwa na hisa za kampuni inayonunuliwa kabla ya habari, hongera. Usikae kimya. Dalali wako atakupa waraka wa ofa, usome. Tafuta mambo manne: bei ni pesa taslimu au hisa za kampuni nyingine, wanataka kampuni yote au sehemu, tarehe ya mwisho ni lini, na mwenye hisa mkubwa amesema nini. Kukaa kimya pia ni uamuzi, na unaweza kukugharimu. Mnunuzi akifikisha asilimia 90 ya hisa zilizokuwa kwenye ofa, sheria ya kampuni humpa njia ya kuchukua zilizobaki. Na asipofika, unaweza kubaki na hisa ambazo ni vigumu kupata wa kuzinunua, hasa kampuni ikiondolewa sokoni.

Pili, kama huna na unataka kuingia baada ya habari, fanya ile hesabu ya chama kwenye karatasi. Ofa ni ngapi, bei ya leo ni ngapi, bei ya kabla ya habari ilikuwa ngapi. Ukikuta faida ni shilingi tano na hasara ni kumi na tano, jiulize kama una uhakika wa kiasi hicho. Na jiulize swali letu tulipendalo: ofa ikivunjika kesho, nitafurahi kubaki na kampuni hii kwa bei niliyolipa? Kama jibu ni hapana, achana nayo.

Tatu, kama unampenda mnunuzi, ngoja. Hakuna anayekufukuza. Soma matokeo yake ya miezi sita, kisha ya mwaka. Angalia kama deni limepanda, kama mgao wa faida umekatwa, kama ile kampuni aliyonunua inaleta pesa au inazimeza. Ununuzi mzuri hauishi utamu kwa wiki moja.

Nne, na hapa tunaongea kama watu wanaoona pesa zikipita kwenye simu kila siku: usikope kwa simu ili ununue hisa ya ofa. Tuseme mkopo wako unatoza asilimia 7 kwa mwezi. Ofa ya Bamburi ilichukua Julai hadi Desemba, miezi mitano. Hiyo ni asilimia 35 ya riba, kufuatilia faida isiyofika asilimia 9. Hata kama tunapata ada kila unapotuma pesa, hatuwezi kukuambia hiyo ni biashara.

Tano, jihadhari na "habari za ndani." Kabla ya ofa ya Rubis mwaka 2018, hisa za KenolKobil zilinunuliwa kwa namna iliyoitia shaka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, hadi ikazuia baadhi ya akaunti na kuchukua hatua. Kununua ukitumia siri ya kampuni ni kosa. Na mara nyingi hata si siri. Ni mtu kwenye kundi la WhatsApp anayekuomba umtumie pesa kwa namba yake "akununulie hisa za ofa." Hisa halali hupitia dalali aliyesajiliwa na CMA na huingia kwenye akaunti yako ya CDS, kwa jina lako. Hakuna dalali anayehitaji PIN yako. Hakuna. Hata sisi hatuihitaji.

Chama kiliamuaje?

Tulimrudishia mweka hazina ile hesabu ya Sh745 na Sh3,350, bila kumwambia afanye nini. Wiki mbili baadaye akatuandikia. Waliisoma kwenye mkutano. Mzee mmoja aliuliza tu: "Kwani sisi tulikuwa tunaitaka hii kampuni mwaka jana?" Hakuna aliyejibu. Wakaweka pesa kwenye hazina fulani ya soko la fedha hadi watakapokubaliana, na wakapanga kuanza kununua hisa kidogo kidogo za kampuni wanazozielewa, ofa iwepo isiwepo.

Huenda ile ofa ilifaulu, na kila mmoja wao alikosa Sh745. Sisi tunaona walifanya vyema. Anayepata nyongeza ofa ikija ni yule aliyekuwa tayari ameshika kampuni nzuri kwa sababu zake mwenyewe, na hakuna njia ya mkato ya kuwa mtu huyo. Njia ni kuanza mapema, na kidogo kidogo.

*Makala haya ni ya elimu kwa wateja. Si ushauri wa kununua au kuuza hisa yoyote. Kabla ya kuamua, zungumza na dalali au mshauri aliyesajiliwa na CMA.*